Bwana Vipimo na Vidonge vya Kukua

Mpaka leo nikisikia harufu ya ile sabuni nyekundu ya hospitali, naziba pua. Sabuni yenyewe haina kosa. Kosa lilikuwa kwa mtu niliyemjua nayo, yule tuliyemwita Bwana Vipimo, na namna alivyoitumia. Alikuwa akimshika mtoto kichwa, anamgeuza shingo, anambonyeza tumbo, kisha anakwenda kwenye beseni na kunawa mpaka kwenye viwiko, taratibu, kidole kimoja kimoja, huku mama wa mtoto amesimama palepale anamtazama. Najua sasa kwamba waganga wote hufundishwa hivyo. Lakini nilikuwa na macho. Akishika mtoto mwenye upele alinawa upesi na kuendelea na kazi. Akimshika mdogo wangu Hamisi, ambaye hakuwa na upele wala kidonda, alinawa kama mtu aliyegusa mzoga.

Alikuwa mganga msaidizi katika zahanati moja juu ya Mbalizi, njia ya kupanda milimani, katika miaka ile ya hamsini tulipokuwa bado chini ya Waingereza. Mwenyewe alikuwa Mhehe wa Kihesa kule Iringa, Mkatoliki, kichwa kipara kinachong'aa, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikasimama, soksi ndefu mpaka chini ya magoti. Daktari mmoja Mzungu alikuwa amekuja kuchunguza watoto wasiokua, na Bwana Vipimo ndiye aliyepewa kazi ya kuwapima. Kwetu watoto hao hawakukosekana. Karibu kila ukoo ulikuwa na bibi mwenye rovu, ule uvimbe wa shingoni, na hakuna aliyeshangaa. Wapo waliovaa shanga juu yake na kwenda ngomani. Lakini katika nyumba chache alizaliwa mtoto ambaye kazi yake ilikuwa kulala tu. Mwili wa baridi, ulimi mnene usiotosha kinywani, tumbo limejaa, kilio chake kizito kama cha mzee mwenye kikohozi. Wenzake wanatembea, wanaongea, wanatumwa dukani, na yeye bado yuko mgongoni.

Hamisi alikuwa mmoja wa hao, na mgongo ulikuwa wangu. Wenzake wa rika lake walikuwa wakichunga mbuzi, na yeye ndiyo kwanza alikuwa ameweza kusimama kwa kushika ukuta. Mate yalimtoka mchana kutwa. Mama alikuwa akimfuta kwa upindo wa khanga yake, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya, hata kama alikuwa akipika, hata kama alikuwa akizungumza na wageni. Sikuwahi kumwona akinawa.

Sitaki kumsingizia Bwana Vipimo kwamba alikuwa mjinga. Afadhali angekuwa mjinga. Mara ya kwanza tulipompeleka Hamisi, alitaka kumlaza juu ya ubao mrefu wenye kigingi cha miguuni, ampime akiwa amelala chali. Baba alikuwa amefuatana nasi. Baba alikuwa muuza chumvi na nguo sokoni Mbalizi, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, na akifariki mtu ndiye aliyeitwa kwenda kumpima kwa kamba ili wachimba kaburi wajue urefu. Alipomwona mwanawe amenyooshwa pale ubaoni, alimnyanyua, akampakata.

"Huyu bado anapumua, bwana," alisema. "Kwetu anayepimwa amelala ni maiti."

Mganga mwingine angefoka. Wengi wao walikuwa wakifoka. Yeye akamtazama Baba, akautazama ubao, akasema, "Sawa, mzee. Nipe mpaka wiki ijayo." Tuliporudi, ubao ulikuwa umeondolewa. Alikuwa amepaka chokaa ukuta wa veranda na kuchora juu yake mistari ya penseli, myembamba, iliyonyooka, kuanzia sakafuni kwenda juu. Tangu siku ile watoto wote walipimwa wakiwa wamesimama ukutani, na wasioweza kusimama walishikwa kwapani na mama zao.

Ukuta ule ulikuwa na wimbo wake. "Visigino ukutani. Kidevu juu. Vuta pumzi." Kiganja kinatua utosini, ukucha wa dole gumba unakwaruza chokaa. Halafu, kwa watoto waliokuwa katika dawa, "Fungua kinywa." Anaweka kidonge juu ya ulimi kwa mkono wake mwenyewe. Hamisi, ambaye hatukuweza kumfundisha hata kuita mama, alijifunza wimbo ule wote. Nikimtua tu verandani alitambaa moja kwa moja mpaka ukutani, akajiinua, akabana visigino na kuachama kabla hajaambiwa. Wanawake walicheka. Bwana Vipimo hakucheka, ila niliona kwamba alipendezwa, kama mtu anavyopendezwa na mbwa aliyeanza kuelewa.

Alikuwa na maneno yake, na mengi yalinichefua hata kabla sijajua kwa nini. Akiwaita watoto wetu kwa daktari Mzungu alisema "mataahira," waziwazi, mbele ya mama zao, kwa sauti ileile ambayo mtu husema viazi au magunia. Mama mmoja alipolia, alimwambia, "Silitukani toto lako, mama, nalitaja." Akiulizwa kwa nini jambo fulani liko hivi na si vile, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi ni mkono tu. Kichwa kiko Ulaya." Alilisema kwa unyenyekevu, macho chini, na watu wakamwona mtu asiye na makuu. Mimi nililiona kuwa neno la mtu aliyepata mahali pa kujificha.

Siku daktari alipokuja na gari lake kupiga picha, watoto walivuliwa mashati na kusimamishwa mmojammoja kando ya mti wa kupimia uliopakwa rangi nyeusi na nyeupe. Kulikuwa na baridi ile ya Juni ya kwetu, ya umande unaoganda kwenye nyasi. Hamisi aliyekuwa na ubaridi wa mwili hata juani alianza kutetemeka. Mama akamfunika khanga. Bwana Vipimo akaiondoa, akaikunja vizuri, akamrudishia Mama mkononi. Mama akamfunika tena, na yeye akaiondoa tena, akaikunja vilevile, pembe kwa pembe. Hakumkaripia. Nilitamani amkaripie ili angalau tuwe na ugomvi.

Sasa niseme na haya, kwa kuwa nikiyaficha nitakuwa nimechora nusu mtu. Mvua za masika zilipojaza kile kijito kinachokata njia ya zahanati, Bwana Vipimo alitukuta tumekwama ng'ambo. Alivua viatu na soksi, akavitia ndani ya kofia, akaingia majini mpaka kiunoni. Alimweka Hamisi mabegani, akamshika vifundo vya miguu, akavuka naye polepole akijaribu kila jiwe kabla ya kulikanyaga. Hamisi alimshika kipara kwa mikono miwili na kumdondoshea mate usoni. Hakujifuta mpaka alipofika ukingoni. Usiku huohuo nasikia alikwenda kwa miguu kumzalisha mwanamke mlimani, akarudi asubuhi na kufungua zahanati kwa saa ileile. Hakuwahi kupokea kuku wa mtu, hakunywa chai nyumbani kwa mtu, na hakuna mwanamke aliyemlalamikia. Baba alimheshimu sana. Nami nikikumbuka kile kijito hukasirika zaidi, maana mwenye mabega yale alikuwa na uwezo wa kufanya jambo jingine.

Habari ya nyuzi ndiyo habari yenyewe. Daktari alitaka kujua vile vidonge vinafanya kazi kiasi gani, kwa hiyo watoto waligawanywa. Waliofungwa uzi mwekundu mkononi walipewa vidonge: kimoja palepale ukutani, na vingine vimefungwa kwenye karatasi vya kwenda navyo nyumbani, kila siku kimoja. Waliofungwa uzi wa buluu walipimwa vilevile, wakapewa peremende. Hamisi alipata mwekundu. Atupele, binti wa jirani yetu, aliyelala kwenye ngozi kando ya moto kama Hamisi alivyolala kwenye mkeka wake, alipata wa buluu. Bwana Vipimo ndiye aliyefunga nyuzi hizo, kwa mafundo madogo mazuri, na alimwambia kila mama maneno yaleyale: mtoto wako asile cha mwenzake.

Wiki chache baadaye Mama alinizindua asubuhi akipiga kelele. "Zuhura! Mtoto ana homa!" Nikakimbia. Hamisi alikuwa ameketi mkekani, macho wazi, anatutazama sote wawili. Nilimgusa shavu. Alikuwa na joto, lakini halikuwa la homa. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kumgusa mtoto huyu akiwa na joto kama la watu wengine, na Mama hakulijua. Alipolijua alikaa chini akalia huku akicheka. Baada ya hapo ulimi ukaanza kupungua, akaufunga mdomo. Akaacha kulala mchana. Siku moja nikiwa nachambua mchele alisema "Zuu." Nikautupa ungo na mchele wote nikaenda kumkumbatia.

Basi Mama angefanyaje? Ukuta wa nyumba yetu na wa Mama Atupele ulikuwa mmoja. Moto ukizimika kwao walichukua kaa kwetu, na chumvi ikiisha kwetu, ingawa Baba ndiye muuza chumvi, Mama alikwenda kuomba kwao badala ya kumsumbua mumewe. Mama alikuwa Msafwa wa milimani, na alivyolelewa, mtoto wa mwenzio akichungulia mlangoni wakati wako anakula, unaita na yeye. Alikitia kidonge menoni, akakivunja, nusu akampa Hamisi, nusu akampelekea Atupele. Kila siku. Mama Atupele, Mnyakyusa mwenye miguu mirefu na sauti ya kanisani, alikuwa akipiga magoti kuipokea ile nusu na kushukuru kwa kwao. "Ndaga fijo, Mama Zuhura, ndaga fijo." Na Atupele naye akapata joto. Akaketi. Akaanza kumwita paka.

Ningependa kusema kwamba walifumaniwa. Hawakufumaniwa. Bwana Vipimo alishangaa tu ukutani, akapima mara ya pili, akamwinua Atupele kope na kumtazama, na kusema mbele ya wanawake wote, "Huyu wa buluu anakuaje?" Na Mama, Mungu amrehemu, akainuka kwa furaha kama mtu anayeitwa kupokea tuzo.

"Ni mimi, Bwana Mganga! Mimi nakata kidonge. Nusu kwa ya kwangu, nusu kwa mtoto ya jirani. Na wote wanakua!"

Alidhani atapigiwa makofi. Nilimwona Bwana Vipimo akibadilika rangi kuanzia kwenye kipara. Aliuliza tangu lini, Mama akamwambia. Akauliza nani tena, Mama akasema ni hao wawili tu, na kama angekuwa na vingi angewapa na wengine.

"Umeniharibia kazi," alisema. Hakupaza sauti hata kidogo. "Mmoja alipaswa kupata kizima, mwingine alipaswa asipate. Sasa wote wamepata nusu. Nikaandike nini, mama?"

"Andika wawili wamekua," Mama akamwambia.

Akachukua mkasi. Akakata uzi mwekundu mkononi mwa Hamisi, akakata wa buluu mkononi mwa Atupele, akavitia vipande mfukoni. Kisha akaenda kunawa.

Daktari alipokuja alisema wale wawili hawafai tena katika uchunguzi, akatikisa kichwa, akaondoka na picha zake. Hilo nalielewa, na simchukii sana yule Mzungu, sikumjua. Miezi haikupita mingi uchunguzi wote ukaisha na gari halikuja tena. Makopo ya vidonge yakabaki katika kabati la zahanati, na ufunguo wa kabati ulibaki shingoni mwa Bwana Vipimo, kando ya msalaba wake. Mama alikwenda kila wiki. Wiki nyingine aliongozana na Mama Atupele, wiki nyingine na mimi tu, Hamisi mgongoni kwangu. Alipewa jibu lile lile kwa heshima ile ile: "Vidonge hivi si vyangu, Mama Zuhura. Ni vya uchunguzi." Mama akamuuliza uchunguzi uko wapi. "Umekwisha." Basi, vya nani sasa? "Vya uchunguzi."

Baba alizunguka Mbeya mjini, duka la dawa moja baada ya jingine, akaambiwa dawa hiyo haipo na ikiagizwa lazima ipitie kwa daktari. Akarudi akaenda mwenyewe zahanati. Sikuwepo, ila Mama alisimulia kwamba Baba alimshika Bwana Vipimo miguu. Muuza chumvi yule, mtu wa swala tano, aliyeheshimiwa soko zima. Yule bwana alimwinua, akampangusa vumbi magotini, akamsindikiza mpaka njiani.

Hamisi alipoa. Sijui niseme vipi vingine. Nililigusa lile shavu kila asubuhi na kila asubuhi joto lilipungua. "Zuu" ikaenda. Ulimi ukarudi kuchungulia nje. Atupele alirudi kwenye ngozi yake, na baadaye mama yake akamchukua wakahamia kwa ndugu zao Chimala, wala hatukusikia tena habari zao. Mama hakumlaani Bwana Vipimo hata siku moja. Nilimlaani mimi kwa niaba ya nyumba nzima.

Nilipoolewa nilihamia Iringa, na kwa namna dunia inavyofanya mzaha, mume wangu alikuwa fundi cherehani wa Kihesa. Mama alipofariki nilimchukua Hamisi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ileile ya hamsini. Rika lake walikuwa wameanza kubalehe, na yeye kimo chake hakikufika kiunoni kwangu. Alikaa siku nzima nyuma ya cherehani akichezea vipande vya vitambaa. Asubuhi moja niliinama kuokota vifungo nikasikia ile harufu. Sabuni nyekundu. Nikainua uso, na mume wangu alikuwa amezungusha futi yake kiunoni mwa mzee mmoja mwenye kipara.

"Umekonda, baba," mume wangu alikuwa akimwambia, suruali ya mzee iko mkononi mwake. "Suruali hii tuipunguze."

"Pima vizuri," mzee akasema. "Usikadirie."

Alikuwa amestaafu na kurudi kwao. Nilimsalimu kwa kwao, "Kamwene," naye akaitikia "Kamwene, mwanangu," halafu akakaza macho. Alinitambua kabla sijajitaja. Akauliza habari za Baba, akauliza habari za Mama, na nilipomwambia Mama amefariki aliinamisha kichwa na kufanya ishara ya msalaba. Nakiri kwamba alisikitika kwa dhati.

"Yule mama alikuwa na moyo mwema," alisema. "Aliniharibia kazi, lakini alikuwa na moyo mwema."

"Vidonge vilikwenda wapi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimekaa na swali hilo tangu utotoni, na lilitoka lenyewe.

Uso ulimchangamka. Huo uchangamfu ndio usionitoka. "Ah! Muda wake ulikwisha. Wengine kwenye zahanati zao waliuza, najua, walijenga nyumba. Mimi sikuuza hata kimoja. Sikumpa ndugu, sikumpa rafiki. Nilichimba shimo nyuma ya zahanati nikavifukia kwa mkono wangu. Makopo mengine yalikuwa hayajafunguliwa bado!" Akanitazama, akingoja. Alikuwa anangoja nimsifu.

Nilitaka kumwambia kwamba bora angeuza. Mwizi angetuuzia, Baba angeuza duka, na Hamisi angepata. Uaminifu wake ndio uliotumaliza. Lakini kabla sijafungua mdomo, nyuma ya cherehani vitambaa vilijisogeza.

Hamisi alitoka. Alimtazama mzee, pua ikimcheza. Sijui kama ni uso alioukumbuka au ni ile sabuni. Kisha akageuka, akaenda kwa mwendo wake wa kuyumba mpaka ukutani, akaupa mgongo. Akabana visigino. Akainua kidevu. Akavuta pumzi, tukaisikia wote. Akaachama.

Mume wangu alinitazama asielewe kitu. Bwana Vipimo alisogea, nadhani miguu ilimpeleka yenyewe, akaweka kiganja utosini mwa Hamisi na kukwaruza ukuta wetu kwa ukucha. Akaitazama alama ile. Akaitazama tena. Halafu akaanza kujipapasa mifuko ya shati, ya koti, ya suruali isiyokuwa yake, aliyoazimwa na mume wangu wakati yake ikishonwa. Mate yalikuwa yanamdondoka Hamisi mpaka kifuani, na kinywa bado kiko wazi.

"Sina kitu," mzee aliniambia mimi.

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

Hakumwambia. Alichukua kofia yake na kutoka, na mume wangu akamkimbilia na suruali.

Hamisi hakusogea. Nilimwita, hakusogea. Mwishowe niliingia ndani nikamega kipande cha sukari guru, nikaja nikamwekea juu ya ulimi. Ndipo akafunga kinywa, akashusha visigino, akanichekea. Nilikuwa nimempa peremende, kama mtoto wa uzi wa buluu. Vidole vyangu vilikuwa vinanata kwa sukari na mate, nikaenda uani nikamimina maji kwenye beseni, nikaingiza mikono mpaka kwenye viwiko. Hapo nikajiona. Nikayamwaga maji yote chini, nikarudi ndani, nikajifuta kwa upindo wa khanga.